Salfeti ya Amonia: Matumizi, Tabia na Namna ya Kuisafirisha kwa Usalama Nyanda za Juu Kusini

Kila mwaka, kabla mvua za Novemba hazijaanza, malori yanayopanda kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Njombe na Mbeya hubeba mbolea za aina nyingi, na miongoni mwake imo chumvi nyeupe ambayo wakulima na wauza pembejeo huiita SA. Jina lake kamili ni salfeti ya amonia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye ghala, wakala wa pembejeo, dereva na msimamizi wa makuli, yaani watu ambao mzigo huu hupita mikononi mwao kabla haujafika shambani au kiwandani. Chumvi hii inapokuwa safi ni tulivu: haiwaki wala hailipuki. Karibu hasara na madhara yote yanayoihusu hutokana na unyevu, na kukutana na chokaa au kitu chenye asili ya chokaa, na kudhaniwa kuwa kitu kingine. Anayeyazuia hayo atakuwa ameimaliza sehemu kubwa ya kazi.

Tabia zake

Salfeti ya amonia hutokana na amonia na tindikali ya salfa. Sehemu kubwa ya ile inayouzwa duniani haitengenezwi kwa makusudi, bali ni zao la pembeni la viwanda vinavyotengeneza malighafi ya nailoni, na nyingine hutoka katika matanuri ya kuokea makaa ya mawe, ambako amonia iliyomo katika gesi hunaswa kwa tindikali. Ndiyo maana mzigo mmoja unaweza kuwa na chembe nyeupe safi kama sukari na mwingine ukawa wa kijivu au wa manjano hafifu, na rangi hiyo peke yake si dalili ya ubovu.

Asilimia 21 ya uzito wake ni naitrojeni na asilimia 24 ni salfa. Mfuko wa kilo 50 una kilo 10.5 za naitrojeni na kilo 12 za salfa. Huyeyuka kwa wepesi mkubwa: katika nyuzijoto 20 za Selsiasi, lita moja ya maji huweza kuyeyusha takribani gramu 750, na maji hayo huwa na uchachu kidogo. Haiyeyuki kwa moto kama nta, bali ikipashwa kupita nyuzijoto 235 huanza kuvunjika na kutoa amonia, kisha gesi za salfa zinazochoma macho na koo. Tani moja iliyo huru, isiyoshindiliwa, huchukua nafasi ya karibu mita moja ya ujazo, hesabu inayofaa kukumbukwa na mtu anayepanga kuijaza ghalani bila mifuko.

Kuhusu unyevu, chumvi hii ina nafuu kuliko wenzake. Katika nyuzijoto 30, huanza kunyonya maji ya hewani pale unyevu wa hewa unapofika karibu asilimia 79, wakati urea huanza kwenye asilimia 73 hivi na naitreti ya amonia kwenye asilimia 59. Nafuu hiyo huwafanya wengi waizembee. Kule Tukuyu na milima ya Rungwe, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, hewa ya ghalani hukaa juu ya asilimia 79 kwa siku nyingi mfululizo, na mfuko uliotoboka utaganda na kuwa kama jiwe hata kama hakuna tone la mvua lililouangukia.

Kazi zake viwandani na shambani

Matumizi makubwa ni mbolea, lakini orodha ya viwandani ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Wachakataji wa ngozi huitumia kuondoa chokaa iliyobaki katika ngozi baada ya manyoya kutolewa, na hapo hutoka harufu kali ya amonia, kwa hiyo pipa la kazi hiyo lisiwekwe katika chumba kisicho na madirisha. Unga wa mitungi ya kuzimia moto, ile inayofaa moto wa mbao, mafuta na umeme, huwa na salfeti ya amonia iliyochanganywa na fosfeti ya amonia. Chumvi hizo mbili hutumika pia kutibu mbao na karatasi ili zisishike moto upesi, jambo linalostahili kufikiriwa na wachana mbao wa Mufindi na Sao Hill, ingawa mbao iliyotibiwa hivyo haifai kukaa kwenye mvua kwa kuwa dawa husombwa na maji. Viwanda vya hamira na vya uchachushaji huitumia kulisha vijidudu naitrojeni. Mitambo ya maji ya miji katika baadhi ya nchi huitia kwa kipimo kidogo sana pamoja na klorini ili dawa idumu zaidi ndani ya mabomba. Maabara huitumia kutenganisha protini. Wapulizaji wa dawa za magugu huiweka katika maji magumu ili chokaa iliyomo isidhoofishe dawa.

Shambani, nafasi yake katika nyanda hizi ni ya pekee. Chai ya Mufindi, Njombe na Rungwe hupenda udongo wenye uchachu, na SA huongeza uchachu huo. Mpunga wa Mbarali na bonde la Usangu hufaidika kwa sababu naitrojeni iliyo katika hali ya amonia hushikamana na udongo uliofurika maji, ilhali ile iliyo katika hali ya naitreti hupotea humo. Katika mahindi inahitaji uangalifu, kwani kila kilo 100 za salfeti ya amonia huacha uchachu unaohitaji takribani kilo 110 za chokaa safi kuusawazisha. Mkulima wa Mbozi au Ludewa anayeirudia miaka mingi katika shamba ambalo tayari ni chachu, bila kuweka chokaa, analidhoofisha shamba lake mwenyewe. Wakala mwadilifu atamwambia hivyo kabla ya kupokea fedha, na atamshauri apime udongo, kazi inayoweza kufanywa na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Uyole.

Hesabu ya usafiri nayo isisahauliwe. Semi ya tani 30 hubeba mifuko 600 ya SA, yenye tani 6.3 za naitrojeni. Naitrojeni hiyohiyo ingeingia katika mifuko 274 hivi ya urea. Anayeagiza SA kwa ajili ya naitrojeni peke yake analipia nauli ya mzigo ulio zaidi ya maradufu. Inastahili nauli hiyo pale tu salfa au uchachu wake unapohitajika kweli.

Kuitofautisha na chumvi nyingine

Hapa ninaomba msomaji asipite haraka. Salfeti ya amonia, urea, naitreti ya amonia na chumvi ya mifugo zote ni nyeupe, zote huweza kufungwa katika mifuko ya kilo 50, na mfuko uliopoteza maandishi hausemi lolote. Ng'ombe akilambishwa salfeti ya amonia au urea kwa kudhaniwa kuwa ni chumvi anaweza kufa kwa sumu ya amonia. Mkulima akiuziwa chumvi ya kawaida kama SA ataua mazao yake.

Hatari kubwa zaidi ni kuchanganya salfeti na naitreti. Naitreti ya amonia huchochea moto na inaweza kulipuka. Tarehe 4 Agosti 2020, tani zipatazo 2,750 za naitreti zilizokuwa zimehifadhiwa kwa miaka katika ghala la bandari ya Beirut, Lebanoni, zililipuka na kuua watu zaidi ya 200. Lakini tukio linalomhusu zaidi mshughulikiaji wa salfeti ni la zamani. Tarehe 21 Septemba 1921, huko Oppau, Ujerumani, lundo la mchanganyiko wa salfeti na naitreti ya amonia lililokuwa limeganda ghalani lililipuka walipokuwa wakilivunja kwa baruti, kazi waliyokuwa wameifanya mara nyingi kabla yake bila madhara, na watu zaidi ya 500 wakafa. Walikuwa wameamini kwamba salfeti iliyomo imeufanya mchanganyiko wote kuwa salama. Kwa hiyo salfeti isikae lundo moja wala chumba kimoja na naitreti, masalia ya hizo mbili yasifagiwe pamoja, na mbolea iliyoganda ipondwe kwa mkono kwa nyundo ya mbao baada tu ya kuthibitisha ni mbolea gani.

Uthibitisho huanzia kwenye karatasi. Katika nyaraka za forodha, salfeti ya amonia huandikwa kwa namba 3102.21, urea 3102.10, naitreti ya amonia 3102.30, na mchanganyiko wa naitreti na chokaa, ambao ndio CAN ya madukani, 3102.40. Naitreti ya amonia iliyo katika daraja la mbolea hatari hubeba namba ya Umoja wa Mataifa 2067 na alama ya rangi ya manjano yenye mwali wa moto juu ya duara, ilhali salfeti safi haimo katika orodha ya mizigo hatari na haina namba hiyo. Mzigo ulioandikwa SA ukifika na alama ya manjano, au karatasi zikatofautiana na mifuko, usishushwe mpaka jambo liwe wazi.

Kuna pia kipimo chepesi cha mkononi. Chukua kijiko cha chembe, changanya na chokaa kidogo, nyunyizia maji kiasi cha kulowesha, kisha pitisha mkono juu yake ili kuvuta hewa kuelekea puani bila kuinamia. Salfeti ya amonia hutoa harufu ya amonia papo hapo, ile ichomayo kama ya banda la kuku lisilofagiliwa. Chumvi ya kawaida haitoi harufu, na urea safi haitoi mara moja. Kipimo hiki hakitenganishi salfeti na naitreti, kwa kuwa zote zina amonia, hivyo kisitumiwe badala ya karatasi wala maabara. Kinamfaa mnunuzi mdogo anayehofia kuuziwa chumvi ya mezani.

Kuandaa gari

Muulize dereva mzigo aliobeba mara ya mwisho, kisha usiridhike na jibu lake, uingie mwenyewe kwenye bodi. Nyanda hizi zina sababu maalumu ya kufanya hivyo: malori mengi hubeba saruji inayotengenezwa Songwe, na wengine hubeba chokaa ya kilimo. Vumbi la saruji au la chokaa likikutana na salfeti yenye unyevu hufukuza amonia, na maana yake ni kwamba naitrojeni iliyolipiwa inapaa angani na makuli wanaumwa macho. Majivu hufanya vilevile. Dawa ya klorini ya kutibia maji ni hatari zaidi, kwani ikikutana na chumvi za amonia huzaa gesi zenye sumu, hivyo visipakiwe pamoja hata kama vyombo vimefungwa. Fagia bodi, ioshe, iache ikauke kabisa. Bodi lenye unyevu ni baya kuliko bodi lenye vumbi.

Kagua misumari iliyochomoza na mabati yaliyopasuka. Tandika turubai sakafuni, kwa sababu chumvi hii ikilowa hula chuma, na hula zaidi mabati na nyaya za shaba. Wenye magari ambao huacha masalia yake chini ya mbao za bodi wanashangaa baadaye fremu ikichubuka kutu. Makuli wasitumie ndoano. Mfuko uliotobolewa Dar es Salaam utakuwa umeganda ukifika Mbalizi. Mifuko ipangwe kwa kupishana kama matofali, isizidi kimo cha kuta za bodi bila kufungwa kamba, na midomo yake ielekee ndani.

Uzito nao upangwe kabla. Sheria ya udhibiti wa mizigo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, pamoja na vikomo vya kila ekseli. Mzigo ulioelemea nyuma utakamatwa kwenye mizani za Wenda, Makambako au Mpemba hata kama uzito wa jumla uko sawa. Gari likizuiliwa siku mbili wakati wa mvua, turubai ndilo litakaloamua kama mzigo utapona.

Njiani

Sehemu ya safari inayoharibu mzigo huu mara nyingi si mvua bali ni mabadiliko ya joto. Gari hufunikwa pwani katika hewa nzito ya bahari, hupita joto la Mikumi na Ruaha Mbuyuni, kisha hupanda mlima Kitonga na kuingia katika baridi ya Iringa, Mafinga na Makambako, mara nyingi usiku. Hewa ya joto iliyofungiwa chini ya turubai au ndani ya kontena hupoa, na maji yaliyomo hugeuka matone yanayodondokea mifuko ya juu. Mafundi wa bandari huliita jambo hili jasho la kontena. Lipunguze kwa kufunika mzigo siku ya jua badala ya siku ya mvua, kwa kutandika maboksi au mikeka mikavu juu ya tabaka la mwisho, na kwa kulegeza turubai asubuhi penye jua na pasipo na vumbi la chokaa, ili unyevu utoke.

Kitonga kunahitaji maneno mawili zaidi. Katika kupanda, mzigo hujisukuma nyuma, hivyo ukuta wa nyuma wa bodi na komeo zake vikaguliwe Ruaha Mbuyuni kabla ya kuanza mlima, na si katikati ya kona ambako gari likisimama huziba barabara nzima. Kamba zikazwe upya pale juu.

Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, hukutana na barabara kuu hapo Makambako na kupita Mbeya, na kwa mzigo mkubwa usio na haraka ni njia nzuri. Chagua behewa lililofunikwa, ingia ndani ufunge mlango, na utazame kama kuna mwanga unaopenya kwenye paa, kwa maana penye mwanga patapita maji.

Dereva awe na karatasi ya taarifa za usalama kwa Kiswahili, kopo la maji safi yasiyopungua lita 10, miwani, glavu na barakoa. Awe pia na nakala ya leseni ya biashara ya mbolea iliyotolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea chini ya Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009. Ikiwa mzigo unakwenda kiwandani kama kemikali, ni Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 inayohusika, nayo husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi ya kanda jijini Mbeya. Mzigo wa kuvuka Tunduma kwenda Zambia au Kasumulu kwenda Malawi uwe na vibali vyake mkononi kabla ya kupakiwa, kwa kuwa foleni ya mpakani si mahali pa kutunzia chumvi inayonyonya maji.

Ghalani

Sakafu ya zege inayoonekana imara ndiyo inayodhurika zaidi. Salfeti ya amonia iliyolowa ni miongoni mwa chumvi zinazokula zege vibaya kabisa, kwa kuwa amonia na salfeti zote hushambulia saruji kwa njia zake. Weka mifuko juu ya chaga za mbao, iache nusu mita kutoka ukutani ili hewa ipite na mtu aweze kukagua nyuma, na usipandishe zaidi ya mifuko 15 isipokuwa una chaga imara na watu waliozoea. Milango ifungwe usiku na siku za ukungu, ifunguliwe mchana mkavu, kinyume na desturi ya wengi ya kuacha madirisha wazi wakati wote. Fungu la kwanza kuingia liwe la kwanza kutoka. Urea na CAN zikae mbali na kila moja peke yake, maana urea ikigusana na naitreti hunyonya maji hata katika hewa kavu na kugeuka tope.

Ghala likishika moto kwa sababu nyingine, salfeti haitauongeza, lakini moshi utakuwa na amonia na gesi za salfa. Watu wote wakae upande upepo unakotoka, na moto uzimwe kwa maji mengi yaliyozuiwa yasitiririke mtoni.

Vumbi likiingia machoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 huku kope zikiwa wazi, kisha nenda zahanati kama macho bado yanauma. Aliyemeza asukutue kinywa, asilazimishwe kutapika, apelekwe hospitali pamoja na lebo ya mfuko.

Mzigo ukimwagika na gari linaporudi

Mfuko ukipasuka barabarani, fagia na uzoe ungali mkavu. Kuumwagia maji ndilo kosa linalofanywa kwa nia njema, kwa sababu maji huyeyusha chumvi yote na kuipeleka kwenye mfereji, na mifereji mingi ya upande huu huishia katika Mto Ruaha Mkuu au vijito vinavyoulisha, ambamo amonia huua samaki hata ikiwa kidogo. Iliyozolewa na mchanga iwekwe katika mfuko ulioandikwa wazi, itumike shambani kwa kipimo kile kile, na isirudishwe dukani.

Malori yanayoshusha mbolea Njombe na Mbeya mara nyingi hurudi na viazi, mahindi au mchele wa Mbarali. Kabla ya kupakia chakula, utingo aanze kwa kufagia bodi likiwa kavu, ainue mbao zinazoinuka na kufagia chini yake, kisha aoshe kwa maji mahali ambapo maji hayo yataingia kwenye udongo wa shamba na si mtoni, aanike bodi mpaka kiganja kikipitishwa juu yake kitoke kikavu na bila chembe nyeupe, na turubai lililofunika mbolea ligeuzwe na kuoshwa pande zote mbili, au libadilishwe, kabla halijagusa gunia la kwanza.